Robo Saa ya Jua

Kitaluni Kyimo, Tusekile anapima miche kwa rula ya shule.
Mbegu za mti mmoja, siku moja,
viriba vya udongo uleule.
Iliyo nje ni mifupi, shina nene,
majani madogo, magumu kama ukucha;
ukiing'oa, mizizi inabishana nawe.

Ya chini ya wavu imerefuka kwa haraka ya mwenye njaa,
shingo nyembamba, majani mapana, laini,
kila moja kiganja
kinachokinga mwanga usiotosha.
Anaandika: sentimita thelathini na moja.
Anafuta ukungu kwenye daftari.

Lakini kule juu, msituni Rungwe,
kuna mche wa podo unaomfika magotini.
Alipokuwa darasa la pili ulimfika pajani.
Yeye ndiye aliyekua.
Mche haukui, haufi,
unaokoteza vipande vya jua vinavyodondoka
kama sarafu za mfuko uliotoboka.

Machi, upepo uliliangusha jitu la jirani.
Sasa saa sita mchana, ukungu ukiruhusu,
robo saa nzima inaushukia.

Jana alikuta jani jipya, dogo, gumu,
wekundu kidogo ukingoni.
Rula ilibaki mfukoni.
Alichuchumaa, akatazama,
kisha akasogea
kivuli chake kisilifunike.