Daftari la Madeni

Kwenye daftari la duka langu, Tandika,
T ni tambi, N nazi, M mchele.
Mama Chausiku: N2. Hajalipa tangu Idi.

Leo kadi ya hospitali inasema
T2 N1 M0,
mwandiko wa mtu mwenye haraka.
Tambi mbili, nazi moja, mchele hakuna.
Nikacheka peke yangu kwenye benchi.

Nesi Skolastika akaweka kidole:
T ni uvimbe, ukubwa wake.
N, tezi za kwapa. Umeshafika hapo.
Na M?
“M ni safari. Sifuri, haujaonekana mbali.”

Miaka yote nimeichukia sifuri,
nikifungua droo jioni.
Hii nimeikunja na kadi yake,
nikaitia sidiriani, upande ule ule,
ninapofichaga hela ya mzigo.