Abiria wa Dhahabu

Famau wa tajiri alirudi na wazo kutoka Mombasa:
aliiona meli ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa,
na ngazini watu wenye kadi wakipanda kwanza,
wenzao wamesimama juani na mabegi, wakiwatazama.
"Nasi tutakuwa nazo," akaniambia.
Mimi ndiye karani wa boti la Faza na Amu.
Nikanunua muhuri na wino.

Safari kumi, kadi ya kijani: chupa ya maji.
Safari thelathini, ya fedha: kiti chenye mgongo.
Safari hamsini, dhahabu:
unatangulia kuingia, unatangulia kushuka,
na mzigo wako haulaliwi na magunia ya nazi.
Tukatandika gatini zulia jekundu
lililobaki kwenye harusi ya dada yake.
Siku ya pili lilikuwa zito kwa maji ya chumvi.
Siku ya tatu paka akazaa juu yake.

Tulidhani dhahabu ni ya Kupi, mwenye duka la simenti,
au ya diwani, apendaye kuitwa kabla ya watu.
Diwani alikwama safari ya kumi na nane.
Aliyefika hamsini ni Somoe Shekuwe,
mshona kofia za vito,
kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwenda na kurudi,
kwa sababu hospitali ya Amu ina mashine
inayomtoa damu, ikaifua, ikamrudishia.

Nilimkabidhi mbele ya watu. Famau akapiga picha.
Kuna aliyepiga kigelegele.
Somoe akaigeuza kadi, akasoma nyuma:
ABIRIA MWAMINIFU.
Akacheka hata akashika nguzo.
"Mwanangu, uaminifu huu sikuuomba.
Laiti ningekuwa haini."

Tangu hapo jina lake huliita kwanza.
Vijana wageni hunong'ona: "Huyu mke wa waziri gani?"
Hushuka ngazi zenye ukoga, moja, nyingine,
nikimshika mkono wa kulia.
Wa kushoto hampi mtu.
Siku moja tu aliniruhusu nikaweka kidole:
mna mshipa humo unaovuma,
unatetema kama boti iliyowashwa, haijang'oa.

Lakini dhahabu haivuti maji.
Siku za bamvua Mkanda hukauka,
tukakaa kwenye tope saa mbili na zaidi,
wa kijani, wa fedha, na asiye na kitu,
sote tukiwatazama kaa.
Somoe aliitazama saa yake, akaificha chini ya buibui,
akaitazama tena.
"Kule nako kuna foleni," akasema.
"Na kule mimi ni wa kumi na moja."
Sikuwa na jibu. Nilimpa chupa ya maji.
Akanirudishia: hata maji anapimiwa.

Halafu ikaja Jumatano moja.
Jumatano si siku yake. Nikamwona anakuja gatini
na kikapu cha kofia, wanja machoni,
viatu ambavyo sijawahi kuviona.
Nikaliita jina lake kama kawaida.
Hakuitika.
Nikaliita tena.
"Leo si mwaminifu mimi!" akapaza sauti kutoka nyuma.
"Leo naenda sokoni. Nitapanga foleni."

Akapanga, nyuma ya Kupi na mifuko yake,
nyuma ya bwana mwenye mbuzi.
Akasukumwa, akasukuma.
Akamwambia mtu, "Una macho au una vifungo?"
Akagombea nafasi na mwanafunzi, akashindwa.
Kadi yake ilikuwa mkobani, nauona ukingo wake unang'aa.
Muhuri nilikuwa nao mkononi, nikausahau.

Alipata pahali pabaya, ubavuni kwa mbuzi,
mawimbi yakimrukia tangu gatini hadi Amu.
Famau akamwonyesha kile kiti chenye mgongo, kitupu.
Akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa ncha ya mtandio,
akaendelea kubishana na mbuzi.