Kodi ya Kaburi

Huku kwetu hata maiti ni mpangaji.
Miaka kumi kumi, kwa risiti na muhuri.
Asiyelipiwa, jiwe lake hung'olewa,
yeye hushushwa kina kidogo zaidi,
na juu yake hulazwa mgeni.

Ndiyo maana sikuanzia makaburini.
Nilianzia ofisini, juu ya duka la mikate,
kwa Bwana Bogomir mwenye fulana ya sufi,
anayelamba kidole kabla ya kila ukurasa
kana kwamba wafu wetu wana chumvi.

Namtafuta Matevž Kogoj, nikamwambia,
baba yake bibi yangu, mchimba zebaki.
Nina picha yake moja.
Meza imetulia, mbwa ametulia, kofia imetulia;
mikono tu ndiyo ukungu,
kwa sababu haikuweza kungoja kamera.

Bibi nilipomuuliza alisema, "Alizikwa mbali,"
kisha akainuka kwenda kutazama jiko
lisilokuwa na moto.
Mbali, kumbe, ni basi moja na mwendo wa saa.

Kitalu cha saba, safu ya nne. Machi, 1938.
Umri, arobaini na moja.
Sababu ya kifo: mapafu.
Neno limekatwa. Juu yake, kwa mwandiko mwingine, nadhifu,
mwandiko wa mtu anayelipwa mshahara:
homa.

Mlipaji: Frančiška, mjane.
Alilipa mara moja, akabeba watoto watatu
na cherehani, akahamia mjini, akafunga mdomo.

Mwaka 1948: Ludvika Žerjal.
1958: Ludvika Žerjal.
1968, na tena 1978, herufi zikianza kuyumba
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Nani huyu?
Katika karatasi yangu ya ukoo, iliyokunjwa mara nane,
hana tawi, hana hata jani.

Upande wa kulia kuna safu ya uhusiano.
Mara ya kwanza aliandika: jirani.
Mara ya pili: mtu aliyemfahamu.
Mara ya tatu, kistari.
Mara ya nne hakuna kitu, ila nukta ya wino
mahali kalamu ilipotua, ikafikiri, ikaondoka.

Damu nzito kuliko maji, watu husema.
Mimi ni kitukuu wa mchimba zebaki;
nyumbani kwetu tunajua
kuna kilicho kizito kuliko damu,
na hakishikiki kwa vidole.

Mwaka 1988: haikulipwa.
Sasa pale wamelala akina Brus, baba na mwana,
wenye maua ya plastiki na taa ya betri.
Nimepita kuwasalimu.
Hawana kosa; walipanga chumba kilichokuwa wazi.

"Na Ludvika mwenyewe?"
Safari hii Bwana Bogomir hakulamba kidole.
Ukurasa aliujua.
Muuza maziwa. Hakuolewa. Alizikwa 1987,
kitalu cha kumi na mbili, ubavuni mwa ukuta,
jiwe dogo, limelipiwa miaka kumi ya kwanza.
"Nani analipa sasa?"
Akavua miwani, akaifuta kwa fulana, ikazidi uchafu.
"Kila Novemba nikipitia orodha ya kung'oa,
nikifika jina hilo, simu hulia."

Nilitazama simu mezani.
Waya wake haukuchomekwa popote.

Nikahesabu noti. Hazikutosha; nikaongeza sarafu za nauli.
Akanigeuzia daftari, akanionyesha pa kutia sahihi.
"Na hapa," akasema, "uhusiano."
Chini, mwokaji alikuwa akitoa mikate,
harufu ikapanda kwenye mbao za sakafu.
Nilikaa na kalamu hewani
mpaka naye akajifanya anatafuta muhuri.

Kisha nikaandika: jirani.
Nikarudi kwa miguu.