Shati la Picha

Shati jeupe liko kambani tangu Jumatatu.
Leo Alhamisi. Ukiikamua kola, bado inalia.
Tukuyu mvua haiji kutembea.
Hapa ndipo kwake; sisi ndio tuliokuja
tukaomba kiwanja.

Mimi ni fundi wa majokofu.
Chekeni tu, nami nimecheka miaka kumi na mmoja.
Kuuza baridi huku ni kumwuzia chura ndoo ya maji.
Wateja wangu wa kudumu ni wawili:
kituo cha maziwa cha ushirika,
na bucha ya Mwaisabila, anayelipa kwa maini.

Sasa Anyosisye, mtoto wa shangazi, kaandika kutoka Riyadhi:
*Huku baridi ni mali, ndugu yangu.
Kiyoyozi kikizima, fundi anaitwa kabla ya daktari.
Mkataba miaka miwili. Chakula juu yao. Njoo.*

Nikageuza risiti ya mbolea,
nikachora mstari katikati kwa kalamu ya Subilaga.
Huku NENDA. Huku KAA.

Nenda: ada ya Lusekelo, na deni la ada ya Lusekelo.

Nenda: nguo zinakauka, anasema,
kabla hujabana kibanio cha mwisho.
Subilaga aliposikia hilo alivuta kigoda, akakaa.

Nenda: kifua cha Tumpe.
Usiku kinalia kama mlango wa banda,
na daktari, akiandika bila kunitazama, alisema
mtoto huyu angefaa kukulia pakavu.
Lakini mkataba ni wa mtu mmoja.
Mimi nitakwenda pakavu, kifua kitabaki hapa.
Nimelifuta hilo. Alama ya kalamu haikutoka.

Kaa: pasipoti inalala kwenye droo ya bosi.
Kaa: wanane chumba kimoja, kwa zamu,
kitanda hakipoi.
Kaa: mwezi wa saba unapanda juu ya paa saa kumi alfajiri
na chupa tatu za maji,
na saa tatu asubuhi spana inakuachia jina lake kiganjani.
Kaa: Gwamaka wa Mwakaleli.
Alirudi na ndege, sandukuni, na karatasi ya kilo zake ubavuni.
Tulimzika migombani, udongo ukiteleza,
na mama yake akasema, afadhali, ameloa.

Kaa: ndizi. Nimeandika ndizi tu.
Anayejua mkungu wa nyuma ya jiko
hahitaji maelezo.

Sitawadanganya. Upande wa NENDA una mistari michache,
lakini kila mmoja ni lumbesa.

Subilaga ameisoma risiti akikoroga uji,
akaongeza neno upande wa KAA,
kisha akalikata, akalikata tena
mpaka karatasi ikatoboka.
Sijamwuliza.

Juzi Anyosisye hakuandika, alituma sauti:
*Nirekodie mvua. Weka simu chini ya bati, usiongee.*
Nikaweka. Dakika nne,
jogoo akaharibu mwishoni.
Akajibu usiku wa manane:
*Ndaga fijo. Huna nyingine ndefu zaidi?*
Neno *njoo* hakulirudia.

Kesho kuna gari la alfajiri kwenda Mbeya.
Uhamiaji wanataka picha, na mpiga picha
anataka kola nyeupe, nyuma buluu.
Nimelianua shati,
nimelitandaza mgongoni mwa jokofu la Mwaisabila
ambalo niko nalo kwa matengenezo.
Watu hawajui: mbele linagandisha nyama,
nyuma linachoma.
Lile joto halikuzaliwa humo, limehamishwa tu,
limetolewa kwenye nyama likaletwa huku.

Tumpe amesogea, ameegemeza mgongo pale pale,
kando ya mkono wa shati,
anapumua taratibu, anahesabu matone ya dirishani.
Amefika sitini na mbili, amerudia moja.

Nimeishika kola.
Bado.