Kwa Jino

Nderetwa aliileta pikapu Jumanne, saa moja asubuhi,
keni za maziwa zingali nyuma, zimefungwa kamba ya mkonge.
"Imeng'ang'ania gia ya tatu," akasema. "Haipandi, haishuki.
Kile kilima cha Nkoaranga nimekipanda nikisali,
na walio nyuma yangu wakipiga honi kama msafara wa harusi."

Mbauda walishamwambia giaboksi imekwisha:
nunua nyingine, iliyotumika, milioni mbili na nusu.
Ndama mmoja ameshauzwa kwa neno hilo.
Wa pili yuko zizini, hajui kitu.

Sikumjibu. Nilichomoa kijiti cha oili, nikanusa.
Nyekundu bado, rangi ya juisi ya rozela.
Giaboksi iliyokufa hunuka ukoko ulioungua.
Hii ilinuka oili tu.

Namnyaki, mwanafunzi wangu, akachanua boksi la biskuti,
akachora sampu kwa kalamu,
kila bolti akaichomeka mahali pake,
maana ndefu ikiingia penye fupi itatoboa,
na fupi penye ndefu itakudanganya kwamba imekaza.

Nikalala chini, Unga Limited yote ikinipita kwa nyayo.
Oili ikanishukia kwapani, vuguvugu, kama chai ya mtoto.
Na mle ndani: vichochoro vya alumini,
vijia vinavyopinda na kurudi,
oili ikifika kila mlango inasubiri.
Bawabu ni kijidude cha kidole gumba,
koili na sindano yake.
Kikipewa umeme hufungua, kikinyimwa hufunga.
Hakina kazi nyingine duniani.

Ziko nne. Mita ikasoma ya kwanza, omu kumi na nne.
Ya pili, kumi na nne.
Ya tatu mita haikusema kitu.
Waya umekatika ndani kwa ndani, nje inang'aa.

(Goroli ndogo ilidondoka pia, nani angejua ilikokuwa.
Tuliichuja kwenye beseni la oili
kwa chujio la mama muuza chai,
naye hadi leo anatudai chujio.)

Mpya ilipatikana kwa Mpare wa spea, elfu tisini,
akashuka hadi sabini huku akiapa anakula hasara.
Lakini boksi jipya nalo lina ulimi.
Usiipe nyumba kabla hujaipa umeme.
Namnyaki akagusa waya kwenye betri.
"Umesikia?"
Nikasema, nimesikia.

Sikusikia kitu.
Miaka kumi na tisa ya kunyoosha bodi, nyundo juu ya bati,
imekula sauti ndogondogo zote:
kwanza chiriku,
halafu saa ya ukutani,
halafu mke wangu anaponong'ona.

Nikaipangusa kwa kitambaa,
nikaibana kwa meno ya mbele.
"Tena."

Tki.

Iliingia kwenye fizi, ikapanda taya,
ikafika pale masikio yanapolala.
Tki. Tki.
Namnyaki alitazama pembeni, kwenye rundo la matairi.
Hakusema neno,
ila aligusa waya mara tatu zaidi ya ilivyohitajika.

Saa kumi tulikuwa barabarani kuelekea Tengeru,
Nderetwa kwenye usukani, Namnyaki katikati,
mimi kiganja juu ya dashibodi kama anayepima homa.
Moja. Mbili.
Tatu, bila kishindo, kama mtu anayehama kiti.
Kisha mteremko, na kiganja changu kikaambiwa: nne.
Nderetwa alipiga usukani kofi, akacheka,
nikaliona lile pengo la jino lake kwa mara ya kwanza.

Alitulipa, akatupa na lita mbili za maziwa.
Akaniinamia dirishani, akaniambia jambo.
Nikatikisa kichwa, nikatabasamu,
nikampungia mkono mpaka akapotea nyuma ya lori la kokoto.

"Amesema nini?"

Namnyaki alikuwa anafuta spana, moja moja.

"Breki za nyuma," akasema, kwa sauti kubwa, bila kunitazama.
"Zinapiga mluzi. Anasema zimepiga njia nzima."