Kazi ya Nyumbani, Alkhudh

Raiya kachora mlima daftarini:
chini kushoto "mwanzo", kisha "mgogoro",
juu kabisa kinyota chekundu, "kilele".
"Bibi, nipe hadithi yako nijaze."

Bi Thuwaiba anachambua mchele. Kiyoyozi kinakohoa.
"Andika: nilishuka Maskati na sanduku moja
na funguo za mlango wa Ng'ambo."
"Ndio mwanzo huo?"
"Ni mwisho wa mama yangu. Lakini andika."

Mgogoro: Kiarabu chake kilichekwa sokoni Matrah
hata akawa ananunua bizari kwa kunyoosha kidole.
Mume mgonjwa. Nyumba ya kupanga, kisha nyingine.
Penseli inapanda, inapanda.

"Sasa kilele, bibi. Siku kubwa."
Mikono inatulia juu ya ungo.
"Kilipita Alhamisi moja nikiwa jikoni.
Simu ikalia: mlango umeng'olewa, umeuzwa.
Kitumbua changu kikaingia mchanga, mwanangu,
lakini kile cha kwenye karai nilikigeuza.
Watu walikuwa hawajala."

Raiya anafuta kinyota, anakisogeza,
anafuta tena. Karatasi inatoboka.

"Na suluhisho?"
Bibi anaelekeza kidevu ukutani, penye msumari:
funguo zisizofungua kitu,
azipakazo mafuta kila Shaabani.

"Mwalimu hatakubali," asema Raiya.
"Basi achia mistari mitupu."
Anamsukumia ungo.
"Na mawe haya toa wewe. Macho yangu
yameshaanza kuteremka huo mlima wako."