Shaba Yazoleka

Baba, nimerudi na chupa ya wino mweusi.
Si wino. Usichovye kalamu.
Ni kutu iliyosomeshwa,
chuma kilichosagwa hadi kikasahau uzito wake,
kila chembe ndogo kuliko vumbi
linaloelea kwenye mwali wa jua dirishani mwako.

Barabara ya Kumi na Tano, nyuma ya karakana,
mfereji bado una midomo ya kijani.
Hapo ulimwaga, jioni baada ya jioni,
maji ya kusuuzia usukani wa baiskeli,
vitasa, taa za magari, miguu ya vitanda vya maharusi,
vyote vikitoka kwenye beseni la mrututu
vimevaa wekundu kabla ya kuvikwa weupe wa nikeli.
"Nenda kwa Semboja," walisema hadi Muheza, hadi Pangani.
Maji yako hayakwenda mbali hivyo.
Yalifika kisimani kwa Bi Mwanjaa.

Mwanzo alisema chai ina ladha ya sarafu.
Kisha beseni lake likaota baka la samawati.
Kisha vyura wakanyamaza,
na yeye, jirani wa miaka thelathini, akanyamaza pia,
akawa anamtuma mjukuu kununua maji ya dumu
kwa njia ya kuzunguka, usimwone.
Ulimwona. Ulisema, "Maji yakimwagika hayazoleki,"
ukaendelea kung'arisha.

Nilikwenda Sahare kuokota maganda ya kamba.
Wauzaji wakanicheka: msomi kawa paka?
Nikayaosha, nikayachemsha, nikayafanya uji mwembamba,
nikaivika kutu kanzu ya uji huo,
kanzu yenye mikono mingi,
na kila mkono unaijua shaba hata gizani.

Nikamimina kwenye mtungi wa kioo, nikakoroga.
Maji yakawa meusi. Bi Mwanjaa akaguna.
Nikatoa sumaku
niliyoing'oa kwenye spika ya redio yako mbovu,
nikaiegemeza ubavuni mwa mtungi.
Weusi ukageuka,
ukahamia wote upande mmoja
kama wageni waliosikia sinia linateremshwa.
Maji yakabaki peke yake.

Sitakudanganya.
Mtungi wa kwanza ulipita kipimo.
Wa pili ulipita kwa shida.
Wa tatu, mikono ilikwisha kujaa,
karatasi ya kupimia ikageuka buluu, nami nikakaa chini.
Kisima kile ni mitungi mingapi? Sikuthubutu kuhesabu.
Na udongo wa mfereji
bado umetunza shaba ya mwaka ule nilioanza darasa la kwanza,
ile iliyonilipia sare.

Lakini nilipoiosha kutu kwa tindikali kidogo
iliachia ilichokishika, ikawa tayari kwa kazi tena.
Katika yale masuuzo nikatumbukiza msumari.
Asubuhi msumari ulikuwa mwekundu.

Huu hapa. Ushike.
Rangi hii unaijua kuliko unavyoijua sauti yangu.

Umeugeuza mara mbili.
Umeukwaruza kwa ukucha, kama unavyofanya
mteja akikuletea kazi ya fundi mwingine.
Umeutia mfukoni.
Kisha umeinua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni,
na bila kunitazama umeuliza
mfuniko wa kisima cha Bi Mwanjaa
siku hizi hufunguka upande gani.